Anwani ya Nje Ilikuwa Yangu

Vijana mnaofunga mitandao, nianze na lile mnalonilaumu. Mmesikia kwamba mimi Sekela, niliyekuwa nauza intaneti Kyela mjini enzi zile za laini ya simu, niliulizwa na wakubwa ni nani aliyetuma barua fulani kupitia kompyuta zangu, nikawa namjua, nikakataa kumtaja. Wengine wenu mnasema hiyo haikuwa kazi ya fundi. Fundi, mnasema, anatunza kumbukumbu na kuzitoa zikihitajika, basi. Sikuja kujitetea. Nimekuja kuwaeleza ilivyokuwa, na kuwaambia mapema kwamba nikiulizwa tena kesho nitajibu vilevile.

Mimi sikuanza na kompyuta. Nilianza na swichibodi, kwenye ofisi ya shirika moja la umma kule bandarini Itungi, wakati meli bado zinapakia mizigo ya kwenda kusini mwa ziwa. Ofisi nzima ilikuwa na laini moja ya simu kutoka nje, na ekstensheni kumi na mbili za ndani. Bosi alikuwa namba moja, mhasibu namba tatu, mtunza stoo namba saba. Hiyo namba saba yetu haikuwa na maana yoyote Mbeya wala Dar es Salaam, kwa sababu huko nako kila ofisi ilikuwa na namba saba yake. Mtu wa nje alijua namba moja tu, ya ofisi, nayo ililia mbele yangu. Kazi yangu ilikuwa kukumbuka nani ameomba simu ya wapi, ili jibu likirudi nijue nalichomeka wapi.

Aliyenifundisha ni Mzee Ambokile, fundi wa simu, mzaliwa wa Ngana, mtu mpole aliyekuwa na tabia ya kunusa waya kabla ya kuugusa. Kwa mvua zetu hizi, alisema, kiungo cha waya hakifungwi kwa haraka. Unakwangua mpaka shaba ing'ae, unasokota, unapaka grisi, ndipo unafunga utepe, na utepe unauanzia chini kwenda juu ili maji yateleze badala ya kuingia. Miaka mingi baadaye, intaneti yangu ilipokuwa ikikatika kila wingu likitanda, wataalamu walitaka ninunue modemu mpya. Nilikwenda nikakifungua kisanduku cha simu ukutani, nikakuta kiungo kimeota ukungu wa kijani. Nilikwangua, nikasokota, nikapaka grisi. Modemu ile ile ilifanya kazi mpaka siku tuliyoachana nayo.

Lakini somo kubwa alilonipa Mzee Ambokile lilitokana na kosa langu mwenyewe. Siku moja mkubwa mmoja wa makao makuu alipiga simu. Akasema, kwa sauti nzuri tu, "Dada, jana saa nne kuna mtu wa hapo kwenu alipiga huku hakutaja jina. Ilikuwa ekstensheni namba ngapi?" Mimi nilikuwa najivunia kumbukumbu yangu. Nikajibu bila kufikiri, "Ekstensheni saba, mtunza stoo." Akanishukuru. Mwezi haujaisha mtunza stoo akaondolewa kazini. Kumbe alikuwa amepiga kueleza kwamba vipuri vya meli vinauzwa mtaani. Alikuwa na watoto wanne na alikuwa mtu wa kunisalimia kila asubuhi, "Ugonile, Sekela," kabla hajafungua stoo yake.

Nilimwendea Mzee Ambokile nikilia. Hakunigombeza. Alisema tu, "Walikuuliza namba, ukawapa mtu." Akarudi kwenye waya zake.

Hayo ndiyo niliyotoka nayo Itungi, pamoja na barua ya kupunguzwa kazi. Ilikuwa miaka ile mashirika yanauzwa, sisi wa chini tunaambiwa tupishe, na huku madukani vitu vimejaa ambavyo hatukuwahi kuviona: redio, baiskeli za kila rangi, mabati, sabuni za aina kumi. Kila mtu akawa mfanyabiashara. Nami nilikwenda kusoma kompyuta Mbeya kwa miezi kadhaa, mkubwa kuliko wote darasani, wale wengine wakiniita mama.

Niliporudi Kyela nilimkuta Mzee Shomari. Alikuwa mfanyabiashara wa siku nyingi, babu yake alitoka pwani, duka lake likiwa karibu na soko, la magunia, kamba, misumari na taa za chemli. Ndugu yake wa Dar alikuwa amemletea kompyuta saba zilizotumika, moja ikiwa imekufa kioo. Alikuwa na chumba cha mbele, umeme, na laini moja ya simu aliyoisubiri miaka. Alinitazama kutoka juu mpaka chini, akasema, "Mwanangu, wanasema wewe unajua vitu hivi. Mimi najua magunia. Tufanye kazi."

Kampuni iliyokuwa ikitoa huduma ya intaneti ilikuwa Mbeya. Nilikwenda. Mwenye meza akaniambia, "Dada, laini moja, kompyuta moja. Ukitaka kompyuta sita, omba laini sita."

"Kyela laini hazipo."

"Basi tumieni kompyuta moja, mpokezane."

Nilirudi kwenye basi nimenuna. Nikafungua kitabu alichoniazima mwalimu wangu, nikasoma juu ya anwani za ndani, nikajikuta nacheka peke yangu, abiria wa pembeni akasogea. Ilikuwa swichibodi ile ile ya Itungi. Nyie mnafungua ruta kutoka kwenye boksi, mnabonyeza mara mbili, mnaondoka, na nikiwauliza ndani yake kunatokea nini mnanijibu kwamba inafanya kazi. Sikilizeni, basi. Kuna namba zilizotengwa, zile zinazoanza na 192.168, ambazo mtu yeyote duniani anaruhusiwa kuzitumia ndani kwake. Kwa sababu kila mtu anazo, nje hazina maana, kama ile namba saba yetu. Kompyuta ya ndani ikitaka kitu nje, inapeleka ombi kwa ruta. Ruta inafuta anwani ya ndani, inaandika yake yenyewe, ile moja tuliyopewa na kampuni, halafu inaliwekea ombi hilo namba yake ya pekee na kujiandikia kwenye jedwali: ombi hili ni la kompyuta ya nne. Jibu likirudi, inatazama jedwali, inalipeleka kwa namba nne. Kukiwa kimya kwa muda, inafuta ule mstari. Huko nje, dunia nzima inaona anwani moja tu.

Kompyuta yenye kioo kilichokufa ndiyo niliyoifanya ruta. Mzee Shomari alisimama akiitazama.

"Hii mbovu ndiyo umeipa ukubwa?"

"Ndiyo, Mzee. Hizi sita hakuna hata moja inayoonekana nje. Ni hii tu."

Akafikiri. "Kama duka langu. Dar wanamjua Shomari, hawamjui aliyeleta mpunga."

Wiki ya kwanza niliaibika. Nilizipa kompyuta ya nne na ya tano anwani moja, kwa kupitiwa. Katekista mmoja alikuwa anamwandikia mwanawe aliyeko masomoni, na mwenye duka la dawa alikuwa kwenye ile nyingine, kila mmoja akifungua ukurasa mwenzake anaganda. Wakaanza kutuhumiana. Nilikaa nusu siku nikibadilisha waya kabla ya kutazama namba. Tangu hapo nikabandika kila kompyuta karatasi yenye anwani yake, kwa kalamu nene. Nanyi fanyeni hivyo, hata mkiona ni ushamba.

Sasa nije kwenye barua.

Mjini palikuwa na kituo cha kununulia kokoa cha kampuni moja ambayo siitaji. Wakulima walikuwa wakilalamika kwamba gunia likipimwa nyumbani lina uzito huu, likifika kituoni linapungua. Wakaambiwa kokoa yao ina unyevu, imekauka njiani, mizani yao ya kijijini ni mbovu. Mama yangu mwenyewe alikuwa na miti yake ya kokoa kule Ngana, na alikuwa akirudi kutoka kituoni kimya, asitake kuulizwa.

Pale kituoni palikuwa na makarani watano. Mmoja wao ndiye aliyekuja kwangu. Kiswahili kinanisaidia hapa, kwa sababu naweza kuwasimulia yote bila kuwaambia kama alikuwa mwanamume au mwanamke, na sitawaambia. Alikaa, akaandika kwa kidole kimoja zaidi ya saa nzima. Alipomaliza hakutuma. Aliniita kwa jicho.

"Dada Sekela, wakiipata hii, watajua nimekaa wapi?"

Sikumdanganya. Nilimwambia, "Watajua imetoka kwenye duka hili. Kompyuta gani, hawawezi kuona kutoka nje. Wakitaka zaidi ya hapo itabidi waje waniulize mimi."

"Na wewe?"

"Niliwahi kujibu swali la namna hiyo mara moja. Sijibu tena."

Akabonyeza. Barua ilikwenda makao makuu ya kampuni yake na kwenye ofisi ya serikali inayoshughulika na mizani. Sikuisoma. Nilikuja kujua baadaye kwamba haikuwa na jina, na kwamba ilieleza mizani ile imefanyiwa nini, na nani, na tangu lini.

Zilipita siku kama kumi. Siku ya soko, duka limejaa watu, akaingia meneja wa kituo, amevaa tai, karatasi mkononi, akiwa na kijana wa kompyuta kutoka Mbeya. Meneja alimwamkia Mzee Shomari kwa heshima, maana walikuwa wakifanya biashara ya magunia. Halafu akanigeukia.

"Mama, hii anwani ni yenu?"

Barua yenyewe, iliyomrudia kutoka makao makuu, alikuwa ameikunja kwa nyuma, akaniachia sehemu ya juu tu, ile mistari ya namba. Kampuni ya intaneti ilikuwa imeshamwambia namba ile siku ile saa ile ilikuwa kwenye akaunti yetu. Nilisoma. "Ni yetu," nikasema.

Yule kijana akauliza, "Nyuma yake kuna kompyuta ngapi?"

"Sita."

"Ruta inatunza kumbukumbu?"

"Inaandika kwenye jedwali, kukiwa kimya inafuta. Diski ni ndogo, sikuipa kazi ya kuhifadhi."

Alikwenda akaitazama mwenyewe kupitia kompyuta ya pembeni yake. Alikuwa anajua kazi, namsifu. Akarudi akamwambia meneja, "Ni kweli. Kwa mashine hatuwezi kujua ni ipi."

Meneja akaikunja karatasi. "Basi tuache mashine. Mama, siku hiyo ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Ulimwona aliyeandika?"

Watu walikuwa wameacha kuandika. Hapo ningeweza kusema sikumbuki. Kila mtu angekubali, hata yeye pengine angekubali. Lakini ukisema hukumbuki unawapa ruhusa ya kurudi kesho kukukumbusha, na keshokutwa, mpaka ukumbuke.

"Nilimwona," nikasema. "Simtaji."

"Unaelewa kwamba kitu kikitoka kwenye anwani yako, wewe ndiye wa kukijibia?"

"Naelewa. Andika kwamba imetoka kwangu. Anwani ni yangu, jina langu unalijua, na ninapoishi hapajifichi."

Hakupandisha sauti. Alisema, "Tutaona," akatoka, yule kijana akimfuata huku akinitazama kwa pembeni.

Mzee Shomari alisubiri wateja wapungue. Alinivuta nyuma ya duka, kwenye rundo la magunia mapya yaliyofika ile wiki.

"Mwanangu, haya yote mnunuzi wake ni yule. Niambie mimi tu. Haitatoka hapa."

"Mzee, nikikuambia, kesho atakuuliza. Itabidi uchague kusema uongo au kumtoa mtu. Sasa hivi ukisema hujui, ni kweli tupu."

Alikuwa mtu wa sala tano na uongo ulimpa shida kweli. Hakupendezwa, na siku ile hakunisemesha tena. Asubuhi yake mjumbe wa meneja alipokuja, nilimsikia Mzee Shomari mwenyewe akimwambia, "Mwambie magunia yapo akiyataka. Habari za wateja wa Sekela hatuuzi hapa."

Magunia hayakununuliwa. Na siku ya tatu modemu ilipiga, ikalia, ikakataliwa. Kampuni ya intaneti ilikuwa imetufungia akaunti kwa sababu ya malalamiko.

Tulikaa wiki tatu bila intaneti. Watu walitegemea nitafunga mlango. Nilifungua kila asubuhi, nikaandika ubaoni kwamba nafundisha kuchapa. Wakaja wengi kuliko nilivyotarajia, wanawake wa sokoni, mwalimu mmoja, hata yule katekista. Siku moja katikati ya darasa akaingia karani wangu, akakaa kwenye kompyuta ya mwisho kama mwanafunzi. Nilipopita nyuma yake nikaona ameandika kwenye kioo: Nitakwenda kujitaja. Usiumie kwa ajili yangu.

Mikono yake ilikuwa juu ya meza, imetulia. Niliinama, nikayafuta maneno yale herufi moja moja, nikaandika: Endelea na zoezi la pili. Kisha akafanya zoezi la pili, na la tatu, na akalifanya vibaya sana.

Baada ya hapo nilichukua mkataba wetu nikapanda basi la Mbeya. Mwenye meza alikuwa yule yule.

"Mmelalamikiwa," akasema.

"Nimevunja kifungu gani?"

Akafungua mkataba, akapekua, akarudi mwanzo. "Mna kompyuta sita kwenye akaunti moja."

"Nionyeshe palipokatazwa."

Hakupaona, kwa sababu hapakuwepo. Walioandika mkataba ule hawakuwahi kufikiria kwamba mtu wa Kyela angejua kufanya vile. Akasema suala linashughulikiwa, nisubiri barua. Nikamwambia nitaisubiri palepale. Nikakaa kwenye benchi lao na ndizi zangu za kuchoma mpaka wakafunga ofisi. Nililala kwa binamu yangu, asubuhi nikarudi kwenye benchi kabla mlinzi hajamaliza kufagia. Wateja walikuwa wakiniuliza nina shida gani, nami nikawaeleza wote, tangu mwanzo, bila haraka. Kabla ya mchana mwenye meza akatoka.

"Nenda nyumbani, mama. Akaunti imefunguliwa."

"Na barua?"

"Hakuna barua. Nenda tu."

Hawakuomba radhi. Sikuwa nimeifuata hiyo.

Mwezi huohuo ilikuja pikapu isiyo na maandishi, ikasimama kituoni asubuhi wakati foleni ya wakulima imeshajipanga. Akashuka mtu mmoja mwenye sanduku la mbao, ndani yake mawe ya mizani yenye mihuri ya serikali. Sikuwepo, nasimulia nilivyosimuliwa na waliokuwepo, na wote wanasimulia sawa. Aliweka mawe juu ya mizani moja baada ya jingine. Mizani ikasoma pungufu. Akayatoa, akaweka tena, ikasoma pungufu vilevile. Akaifungua kwa nyuma, akakuta kipande cha chuma kilichochomelewa mahali pasipostahili. Aliifunga mizani ile kwa lakiri, akaandika karatasi yake, akamkabidhi nakala mzee wa kwanza kwenye foleni. Meneja hakuonekana tena Kyela. Alihamishwa au alifukuzwa, sikufuatilia.

Msidhani nawaambia intaneti ndiyo iliyofanya haya. Yaliyofanyika yalifanywa na mtu aliyekaa akaandika kwa kidole kimoja akijua atapoteza nini. Mimi kazi yangu ilikuwa ndogo: kupeleka kilichotoka ndani, kurudisha jibu, na kutomtoa mtu nje. Nyie mna mashine zinazokumbuka kila kitu milele. Sawa, ndiyo kazi ya siku hizi, na kuna wezi wa kweli wanaostahili kukamatwa, na hakimu akikuandikia hati ni jambo jingine. Lakini mtu mwenye tai na karatasi si hakimu. Atakuja, atauliza kwa sauti nzuri, na atakuuliza namba tu.

Msimu wa kokoa uliofuata nilimsindikiza mama kituoni. Palikuwa na mizani mpya, na makarani wote watano walikuwepo. Mmoja wao aliupokea mzigo wa mama, akaupandisha, kisha akaigeuza mizani ili uso wake umwelekee mama. Mama hakujua kusoma. Karani akamsomea uzito kwa Kinyakyusa, polepole, halafu akarudia. Mama akashukuru, "Ndaga fijo, mwanangu." Mimi nilisimama pembeni nimeshika baiskeli, mimi na karani hatukutazamana.

Njiani mama akaniuliza, "Yule ni nani, mbona ana adabu hivyo?"

"Ni karani wa kituo," nikamwambia.

"Yupi, maana wako watano?"

Nikamwambia apande baiskeli, tuwahi kabla ya mvua.